"Hatuna Dawa" Isifike Kama "Tuna Dawa": Redio ya Ridhaa Wakati wa Maafa

Mara nyingi mnara wa simu unabaki umesimama, rangi zake nyekundu na nyeupe zinaonekana toka mbali, na bado simu haishiki. Umeme wa gridi umekatika. Betri zilizo chini ya mnara zinabeba saa chache tu. Jenereta inataka dizeli, na lori la dizeli limekwama ng'ambo ya daraja lililosombwa na maji. Pengine hata mkongo wa mawasiliano ulipitishwa kwenye daraja hilohilo. Walio mjini wanaambiwa "mteja hapatikani" na kudhani chaji imemwishia ndugu yao. Walio kijijini wanapanda vichuguu na mapaa kutafuta mtandao ambao haupo tena.

Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, juu ya ardhi iliyokwisha kushiba mvua za wiki nyingi, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo, kwa sababu nyingine kabisa, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora. Ni mambo mawili yasiyohusiana, yaliyotokea ndani ya siku kumi. Siku yatakapotokea kwa pamoja, swali la nani atapeleka habari kutoka zahanati iliyozingirwa maji litakuwa swali la kweli.

Watu wa umri fulani wanaikumbuka simu ya upepo: kile chumba kidogo cha misheni, cha hifadhi au cha ofisi ya wilaya, ambamo mtu alishika maikrofoni kila asubuhi kwa saa maalumu na kuita kituo cha mbali. Redio ya ridhaa ni kazi hiyohiyo, ila iko mikononi mwa raia wa kawaida mwenye leseni na ishara ya wito, yaani jina la kituo chake la herufi na tarakimu. Ridhaa hapa ni ile ya ngumi za ridhaa: hulipwi, na huruhusiwi kulipwa. Leseni Tanzania inatolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda na UCC, Rwanda na RURA. Ishara za Tanzania kwa kawaida huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, za Kongo 9Q. Mwenye redio ya bei nafuu aliyoinunua mtandaoni bila leseni anavunja sheria, na zaidi ya hapo anaweza bila kujua kuangukia masafa ya polisi au ya meli, ambako 156.8 MHz ni ya wito wa hatari baharini.

Kazi ya dharura yenyewe si ya kufanywa kwa kificho. Mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2003 uliingiza kwenye Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kifungu kinachozihimiza nchi kuwaruhusu wanaridhaa wajiandae kwa maafa na kusaidia yanapotokea. Mwaka uliofuata ikaonekana kwa nini. Desemba 2004 timu ya wanaridhaa wa India, ikiongozwa na Bharathi Prasad, ilikuwa Port Blair kwenye visiwa vya Andaman, kwa kibali kilichotafutwa miaka mingi, ikiongea na dunia kwa ajili ya hobi tu. Asubuhi ya tarehe 26 tsunami ikafika. Antena zilikuwa zimeshafungwa na redio zilikuwa zimewashwa, basi timu ile ikaacha hobi na kuanza kupeleka habari za walio hai kwa jamaa zao bara. Wimbi hilohilo lilivuka Bahari ya Hindi likaua watu Somalia, na likafika hadi Kenya na Tanzania.

Wengi wanaotaka kujitolea huanza kwa kuulizia redio gani wanunue. Mimi ningeanza na betri, kisha waya, kisha penseli na karatasi. Redio yenyewe ingekuja ya nne.

Kazi ya redio ya mkononi na mipaka yake

Redio ya mkononi ya VHF (masafa ya juu sana), ile ambayo wengi huiita redio koli, inafaa kwa kazi za karibu: kutoka mlango wa shule iliyogeuzwa kambi hadi ghala la chakula, kutoka boti hadi ufukwe. Wati 5 zinatosha kabisa. Kinachopunguza masafa ni urefu wa antena, kwa sababu mawimbi haya huenda mnyoofu na kukwamishwa na kilima. Wawili waliosimama uwanda mtupu, redio zikiwa kimo cha mita 1.5, wana upeo wa kiasi cha kilomita 10 kwenye hesabu. Mjini, katikati ya kuta na mabati, hesabu ile hushuka hadi kilomita 2 au 3. Mmoja akiinua antena hadi mita 9 juu ya mlingoti wa mianzi, upeo unafika kilomita 17 bila kuongeza wati hata moja.

Kile kiantena kifupi cha mpira kinachokuja na redio ni sehemu dhaifu kuliko zote. Waya wa sentimita 49 uliosimama, na mingine minne ya urefu uleule iliyotandazwa chini yake kama miguu ya kigoda, ni antena kamili ya 145.5 MHz ambayo ni masafa ya kuitana katika Kanda ya 1 ya ITU, inayojumuisha Afrika na Ulaya. Kebo ya kutoka redio hadi antena nayo inakula nguvu: mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 kwenye masafa haya hupoteza karibu thuluthi moja ya wati zako kabla hazijafika juu. Usivute mita 30 za kebo nyembamba kisha ukalaumu redio.

Usijenge mpango wako wote juu ya ripita ya mlimani, mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena. Ripita inakula umeme uleule uliokatika. Kila kikundi kiwe na masafa mawili ya kuongea moja kwa moja, yameandikwa kwa wino usiofutika nyuma ya redio, kwa sababu mtu aliyelowa na mwenye haraka hakumbuki namba.

Kurusha mawimbi juu ili yashuke karibu

Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300 kwa barabara. Kutoka Katesh, mji wa Hanang uliofunikwa na tope tarehe 3 Desemba 2023 na watu zaidi ya 80 kupoteza maisha, hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 200, na milima katikati. VHF haifiki. Hapa ndipo masafa ya chini, ya HF, yanapofanya kazi, na ndipo wengi hukosea: hutundika antena juu sana. Antena ya waya iliyo juu sana hupeleka nguvu zake kwenye upeo wa macho, na utasikika Italia kabla ya kusikika Singida.

Mbinu ni kuishusha. Ukichukua bomba la kumwagilia na kulielekeza juu kabisa kwenye dari, maji yatagonga dari na kunyesha chumba kizima. Waya uliofungwa chini hufanya hivyo kwa mawimbi: unayarusha wima hadi ionosfia, tabaka la juu angani linaloyarudisha mawimbi, yanarudi na kunyesha eneo lote la kilomita 300 au 400 kukuzunguka, na milima iliyo katikati haina la kusema. Kwa 7 MHz, kimo cha mita 5 au 6 katikati kinatosha, na ncha zikishuka hadi mita 3 hakuna ubaya, ilimradi mtu asiweze kuzigusa. Ncha ya antena inayorusha inaunguza ngozi.

Vipimo ni hivi. Nunua waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, milimita 1.5 za mraba. Kata vipande viwili vya mita 10.4. Kipande kimoja kinaungwa na moyo wa kebo, kingine na wavu wake wa nje. Vihami vya katikati na vya ncha unavikata kwenye bomba la plastiki, sentimita 8 kila kimoja, na kutoboa matundu mawili. Chini ya muungano wa katikati, zungusha kebo mara 10 kwenye bomba la inchi 4 na uifunge kwa tepu nyeusi; mizunguko hiyo huzuia nguvu kurudi kwa nje ya kebo hadi kwenye maikrofoni, tatizo linalojulikana pale midomo inapochomwa na redio kuzimika yenyewe unapoongea. Sasa pandisha, pima SWR, kipimo cha nguvu ambazo antena inazirudisha kwenye redio. Waya huwa mrefu mno mwanzoni, na ndivyo inavyotakiwa. Kunja sentimita 10 kila upande na masafa ya antena yatapanda kwa takriban kHz 70. Endelea mpaka SWR iwe chini ya 1.5 karibu na 7100 kHz. Kunja, usikate: ukihama uwanja, kimo kikibadilika na ardhi ikiwa imelowa, utahitaji ule urefu tena.

Kamba ya kuvushia tawini iwe nyembamba ya nailoni, ile ya mafundi uashi, na uzito wa kurushia ni chupa ya nusu lita iliyojazwa mchanga nusu. Kabla ya kurusha angalia juu mara mbili. Waya wa TANESCO ulioanguka na kulala juu ya mwembe haujulikani kama una umeme au hauna, na wakati wa kimbunga nyaya za namna hiyo zipo kila mahali. Radi ikisikika kabla ya sekunde 30 tangu mmweko, iko ndani ya kilomita 10: chomoa kebo, iweke mbali na redio, uache kazi. Kituo kilichounguzwa na radi hakimsaidii mtu.

Masafa yanahama na jua. Kwetu karibu na ikweta, 7 MHz hufanya kazi vizuri mchana kutwa na mara nyingi huvuka magharibi. Usiku ukizidi, ionosfia hudhoofika, na dalili yake ni hii: vituo vya jirani vinafifia huku vya mbali vikipanda. Wakati mbaya kuliko wote ni alfajiri kabla jua halijachomoza. Hapo shuka hadi 3.7 MHz, ukiwa na waya mwingine wa mita 19.5 kila upande. Ila 3.7 MHz msimu wa masika ina mngurumo wa radi za nusu bara, na adhuhuri inamezwa kabisa. Masafa yaliyokubaliwa kwa dharura katika Kanda yetu ni 3760, 7110, 14300, 18160 na 21360 kHz. Yale matatu ya mwisho ni ya dunia nzima na hayakufai kwa jirani. Kikundi kikubaliane mapema: kila saa kamili, dakika tano za mwanzo wote wasikilize 7110, asiyesikika atafutwe 3760 baada ya dakika kumi. Bila mpango huo, wawili wanaweza kuitana usiku kucha kwenye masafa mawili tofauti.

Betri, na nyaya zake ambazo hazitajwi

Redio ya HF ya wati 100 hula kiasi cha ampea 1 ikisikiliza na ampea 20 kwenye kilele cha sauti. Ukiongea dakika 12 katika kila saa, wastani wa kuongea ukiwa ampea 8 hivi, saa moja ya kazi inakula takriban ampea-saa 2.4. Betri ya lithiamu ya LiFePO4 ya 40 Ah itakupa saa kama 16. Betri ya gari ya 50 Ah inaonekana kubwa zaidi lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo ina 25 Ah za kutumia, saa 10. Nayo inaanza kukusumbua kabla ya hapo, kwa sababu redio nyingi zinahitaji volti zisizopungua 11.7, na betri ya asidi ikiwa nusu, ikivutwa kwa nguvu, inakaribia hapo.

Hapa ndipo waya unapoingia. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 3 kutoka betri hadi redio, una mita 6 kwenda na kurudi. Ampea 20 zikipita humo unapoteza karibu volti 0.9. Betri yenye volti 12.3 inaifikishia redio 11.4, na redio inazimika kila unapotamka neno kwa nguvu, kisha inawaka tena ukinyamaza. Anayesikiliza upande wa pili anadhani umekatiza mwenyewe. Weka waya wa milimita 6 za mraba na upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.4. Fyuzi ziwe pande zote mbili, chanya na hasi, karibu na betri. Alama nyekundu na nyeusi zikaguliwe na mtu wa pili kabla ya kuwasha, maana redio iliyogeuziwa nyaya gizani ndiyo iliyokufa siku ya kwanza.

Ukitaka kuongeza maisha ya betri, punguza wati. Kutoka 100 hadi 25 ni kushuka desibeli 6, alama moja tu ya S kwenye mita ya mwenzako, na mkondo wa kilele unashuka hadi karibu nusu. Anza na 25, panda pale tu usiposikika.

Paneli ya wati 100 ikipata jua la kutosha inarudisha ampea-saa 25 hivi kwa siku, lakini siku za maafa ni siku za mawingu, basi hesabu theluthi ya hiyo. Kontrola za sola za bei nafuu zina kelele ya redio inayofunika 7 MHz yote kama nyuki. Jaribu nyumbani: sikiliza masafa matupu, kisha funika paneli kwa turubai. Kelele ikikoma, umempata mwizi. Taa za LED na chaja za simu zina tabia hiyohiyo. Kwenye kituo cha maafa watu wote wanataka kuchaji simu kwenye betri yako, na utawaambia hapana mara mia. Ni vyema zaidi kuja na betri ndogo ya pili kwa ajili yao, iwekwe mbali na antena.

Ujumbe

Yote niliyoeleza ni maandalizi ya dakika mbili za kusoma karatasi. Na Kiswahili kina mitego yake kwenye redio, ambayo miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kukuonya.

Mtego wa kwanza ni mbaya kuliko wote. Anayeshika kitufe cha maikrofoni na kuongea papo hapo hukatwa silabi ya kwanza; redio na ripita huchukua sehemu ya sekunde kufunguka. Kwa lugha nyingi silabi hiyo haina uzito. Kwetu ndiyo inayobeba kukanusha. "Hatuna dawa" inafika "tuna dawa". Zote mbili ni Kiswahili safi, kwa hiyo msikilizaji hashtuki wala haulizi. Dawa haziletwi. Kanuni: bonyeza, hesabu moja moyoni, ndipo uongee. Na mwandishi wa ujumbe aombwe kuweka kukanusha mahali pasipoweza kukatwa: "dawa hakuna", au bora zaidi, "dawa: sifuri".

Wa pili ni namba. Sauti ya SSB, mtindo wa kurusha sauti unaotumika kwenye HF, hukatwa kiasi cha 2700 Hz, na sauti ya "s" ina nguvu zake juu ya hapo. Sitini, sabini na tisini zinabaki na mkia mmoja wa "-ini" na kichwa kisichosikika. Nne na nane kwenye kelele ni mapacha, wanne na wanane zaidi. Kwa hiyo namba husomwa tarakimu moja moja: 60 ni "sita, sifuri". Ikiwa bado kuna shaka, panda ngazi: "nne, nahesabu: moja, mbili, tatu, nne." Msikilizaji anahesabu nawe na kusimama uliposimama.

Wa tatu ni saa. Muuguzi anaandika "tangu saa kumi", akimaanisha saa kumi usiku. Anayepokea kwenye ofisi ya shirika anaandika 10:00. Saa sita zimepotea kwenye maumivu ya mzazi. Kila saa kwenye ujumbe iwe ya tarakimu nne kwa mtindo wa saa 24, ya Afrika Mashariki, na hilo litajwe: saa nane mchana ni 1400. Ujumbe ukivuka kwenda kwa watu wa nje, ongeza UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu.

Angalau majina ya mahali hayatutesi sana, kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka. Yanayotesa ni r na l, na majina ya watu: Hamisi, Hamis na Khamis ni watu watatu tofauti kwenye orodha ya waliopotea. Hayo yanatajwa herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, Kilo, Hotel, Alfa, bila kubuni maneno yako.

Fomu ya ujumbe ina kichwa: namba ya ujumbe, uzito wake (dharura, kipaumbele, au habari za jamaa), kituo kilichoanzisha, idadi ya maneno, mahali, saa, tarehe. Kisha jina na cheo cha anayepelekewa, maneno yasiyozidi 25, na jina la anayetuma pamoja na cheo. Tuchukue mfano. Mganga wa zahanati anaandika:

"Zahanati imezingirwa na maji. Wagonjwa wanne wa kuharisha, mjamzito mmoja ana uchungu tangu saa kumi. Barabara ya kusini imekatika. Tunahitaji boti, dripu ishirini, mkunga."

Mwendeshaji wa redio hana ruhusa ya kurekebisha hata neno moja. Anachofanya ni kumgeukia mganga, kabla ya kugusa redio, na kuuliza: wanne ni 4? Saa kumi ni 0400 au 1600? Mganga mwenyewe anafuta na kuandika "4", "0400" na "20". Mwendeshaji anahesabu maneno, kila kundi la tarakimu likiwa neno moja: 24. Anaandika 24 kwenye kichwa. Anasoma kwa mwendo wa mtu anayeandika kwa mkono, vikundi vya maneno manne au matano, anaachia kitufe kidogo ili mwenzake aweze kuingia. Upande wa pili unahesabu. Ukipata 23, haujibu "nimepokea". Unasema "nina 23, nirudie baada ya neno mjamzito". Neno lililokosekana linapatikana ndani ya sekunde kumi. Idadi ile ndiyo kinga ya bei rahisi kuliko zote zilizowahi kubuniwa kwenye kazi hii, na ndiyo inayorukwa kwanza watu wakiwa na haraka.

Orodha ndefu, kama ya waliohifadhiwa shuleni au ya dawa zenye majina ya Kilatini, isisomwe kwa sauti kama kuna njia nyingine. Winlink hupeleka barua pepe kwa HF kutoka kwenye kompyuta ndogo, na mitambo yenyewe inakagua makosa. Lakini kompyuta nayo inakula betri, na mtu asiyeizoea atapoteza saa nzima kutafuta kwa nini sauti haitoki. Iwe ziada kwa aliyeifanyia mazoezi.

Mtandao wa redio na watu wake

Vituo vinapozidi vitatu, kimoja kinaongoza. Hakuna anayeongea bila kuitwa, isipokuwa mwenye ujumbe wa dharura. Kituo kiongozi kinauliza nani ana ujumbe wa nani, kinapanga kwa uzito, na wawili wenye mazungumzo marefu kinawatoa kwenda masafa ya pembeni, kHz 10 juu au chini, kwa sharti la kurudi. Mwongozaji mzuri huongea kidogo mno. Abadilishwe kila baada ya saa mbili. Masikio huchoka kabla ya mwili, na mtu aliyechoka huandika alichotegemea kusikia.

Vaa vipokea sauti vya masikioni hata ukiwa peke yako. Kwanza utasikia maneno dhaifu ambayo spika inayaua. Pili, chumba cha maafa kimejaa jamaa wa watu. Majina ya marehemu hayapiti kwenye redio hata kidogo. Kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana kwa msimbo, kwa hiyo kila anayesikiliza anaelewa, na mama hapaswi kupata habari ya mwanawe kutoka kwenye redio ya jirani. Taarifa hizo ziende kwa karatasi mkononi mwa afisa.

Usijipeleke mwenyewe. Tanzania ina kamati za maafa kutoka ngazi ya mkoa na wilaya hadi kata na kijiji, na Msalaba Mwekundu una wakufunzi wake. Nenda kwao miezi ya kiangazi, hakuna mvua wala presha, uwaonyeshe nakala ya leseni na unachoweza. Mtu anayejitokeza siku ya tukio na gunia la vifaa, hajulikani na yeyote, anaongeza mdomo wa kulisha. Ukiitwa, njoo na chakula na maji yako ya siku tatu, lita 3 za kunywa kwa siku, chandarua, buti za mpira, turubai, tochi ya kichwani, na penseli. Kalamu ya wino inafutika karatasi ikilowa.

Mazoezi yanatosha mara moja kwa mwezi, yakifanywa kwa masharti magumu: betri tu, antena ifungwe siku hiyohiyo na mtu mmoja ndani ya dakika 30, ujumbe kumi wa maneno 25 upitie vituo vitatu mfululizo. Mwishoni linganisheni karatasi ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno, na kila kosa liandikwe chanzo chake. Makosa mengi yatatoka kwenye mwandiko, si kwenye mawimbi. Fundisheni kuandika kwa herufi kubwa.

Na ujumbe haujaisha mwenzako anaposema amepokea. Ameupokea yeye, hajaupokea daktari. Aliyepokea anatembea na karatasi hadi kwa mtu aliyetajwa, anamkabidhi mkononi, anaangalia saa, anarudi kwenye redio. Kule zahanati, maji yakiwa bado kwenye ngazi ya pili, mwendeshaji anajaza mstari wa chini wa fomu na kumsomea mganga: ujumbe namba 7, umekabidhiwa kwa mganga mkuu wa wilaya, 0952, boti inaondoka.